Shefu Aliyekomboa Mashine ya Musonoi

Nimemdharau mtu huyu kwa miaka minne, na dharau hiyo nimeitunza vizuri kuliko kitu kingine chochote nilicho nacho. Nataka kuieleza yote, kwa sababu mwishoni mwake kuna kipande kisichomhusu yeye. Alifukuzwa kazi kwa kosa lililoanzia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa huo niliuandika mimi, nikauchana mimi, na hadi juzi sikuwa nimemwambia mtu.

Kazini tulimwita Shefu. Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, sikuwahi kumuuliza. Nilijali kitu kimoja tu kwake, nacho ni namna alivyofuta mafaili.

Kampuni yetu hupanga zamu za malori yanayobeba madini kutoka mashimoni hadi viwandani. Foleni ya Kolwezi, mji wetu wa migodi, si mchezo. Dereva anaweza kulala siku nne ndani ya lori akingoja mizani, na muda wote huo mali yake ni nafasi yake tu. Nafasi hizo zinashikwa na mashine tatu: moja ofisini Manika, moja Musonoi kando ya shimo, moja kwenye maegesho ya barabara ya Likasi. Kazi ya mashine hizi ni kukubaliana. Lori gani linafuata, lango gani liko wazi, nani ameshika zamu. Mbili kati ya tatu zikikubali, neno limepita, na moja ikizimika hakuna dereva atakayejua.

Kila zinapokubaliana, zinaandika. Kwanza mstari katika jurnali, faili la kuandikia kila tukio. Kisha, mistari ikiwa mingi, kila mashine inapiga picha ya foleni nzima na kuiweka kwenye diski yake. Ikizimika na kuwaka tena, inasoma picha ya mwisho, inaongeza mistari iliyofuata, na inakumbuka yote. Ila ina tabia moja: haitupi kitu. Picha ya leo, ya jana, ya mwezi uliopita, zote zinabaki mpaka diski ijae. Diski ikijaa mashine haiwezi kuandika, na isipoweza kuandika haiwezi kukubaliana na wenzake. Dawa ni mistari miwili katika faili la mipangilio: tunza picha tatu za mwisho, futa nyingine kila siku. Mistari miwili. Niliisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kabla hata sijaajiriwa, maana yote ninayoyajua nimejifunza hivyo, peke yangu na kwa hofu.

Shefu aliikataa.

"Mashine haiwezi kujikomboa yeye peke, Mamzele," aliniambia wiki yangu ya kwanza, akiniita binti kwa Kifaransa chetu. "Ulisha kuona nyumba inajikomboa?"

Kwetu Katanga, kukomboa ni kufagia. Mama akikuambia ukomboe nyumba, unachukua ufagio. Ndivyo Shefu alivyoielewa kazi yake. Kila Jumatatu asubuhi alikunja mikono ya shati, akatandika leso juu ya goti kama mtu anayesubiri kula, akaziingia mashine moja baada ya nyingine. Musonoi aliifuata kwa pikipiki, kwa sababu mtandao wa huko ulikuwa mzito. Aliyapanga mafaili kwa uzito, kisha akafuta yaliyo mazito zaidi. Hakuangalia tarehe. Uzito tu.

Nilimweleza. Nilimchorea. Nilimwambia kwamba foleni inavyokua ndivyo picha inavyonenepa, kwa hiyo picha nzito mara nyingi ndiyo mpya, na mpya ndiyo tunayoihitaji.

"Donc mutu munene njo mutu wa mupya?" Akamwonyesha karani wetu, mama mwenye mwili wake. "Basi ule alizaliwa jana."

Ofisi nzima ilicheka, karani akiwa wa kwanza. Mimi nilikwenda chooni kunawa uso.

Na hakuna kilichoharibika! Hilo ndilo lililonichoma. Mashine ikiwa hai, foleni iko kichwani mwake, na haiangalii diski mpaka siku itakapowaka upya. Hata siku hiyo ikiikuta diski tupu, inawauliza wenzake wawili na wanaijaza. Watu fulani, mahali fulani, walikaa wakafikiria kila aina ya ajali, na Shefu alikuwa anaishi ndani ya akili zao bila kuwashukuru, akidhani ufagio wake ndio unaofanya kazi.

Halafu kwaya. Alikuwa mwimbaji wa kanisa moja pale Manika, na video za kwaya alizihifadhi kwenye diski ileile ya jurnali, katika mashine ya ofisini. Jurnali inapaswa kuwa na diski yake peke yake. Anayejua kazi hii anajua hilo kabla ya kujua jina lake. Nilimwambia video zile ndizo nzito kuliko vyote, kwa hiyo kwa sheria yake mwenyewe zingekuwa za kwanza kufutwa.

"Ile haina uzito," alijibu. "Ile ni sifa ya Mungu."

Huyohuyo aliyefuta foleni ya watu kwa kidole hakuweza kutupa kipande cha waya. Droo yake ilijaa vitufe vya kibodi, skrubu, chaja zisizo na simu, na kipini cha miwani. Ukimuuliza waya huu ni wa nini, anakuambia ulikotoka, ulikuwa umefungwa wapi, na nani alikuwapo siku ulipoacha kufanya kazi. Madereva aliwajua kwa honi. Lori likilia barabarani anainua kidevu: "Ule eko na hasira, bibi yake alirudia kwao." Kwa mambo kama hayo alikuwa na nafasi tele. Kwa mistari miwili hakuwa nayo.

Sasa mimi. Ninafunga mlango, narudi kuutazama, narudi tena. Ujumbe wa maneno sita nausoma mara tano kabla ya kuutuma. Nilipoingia ofisini wote walikuwa wamesoma shule kubwa kuliko yangu, isipokuwa Shefu, na labda ndiyo sababu nilimchagua yeye wa kumdharau. Nilijitafutia kitu cha kunipandisha, nikapata Kiswahili. Nilikuwa na vitabu vilivyotoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na katika daftari la kazi, ambalo sisi tunaliita kaye, nikaanza kuandika Kiswahili cha vitabu. Wengine waliandika "bitu", mimi "vitu". Wengine "batu", mimi "watu". Shefu alikuwa akisimama katikati ya ofisi na kusoma kurasa zangu kwa sauti ya padri.

"Somo kutoka kaye ya Mamzele Kamusi! 'Tafadhali hakikisheni vifaa vyote vimezimwa.' Amina!"

"Amina," walijibu wote.

Sikuacha. Nilizidi.

Mwaka aliofukuzwa, mvua ilikata njia ya Musonoi kwa pikipiki, na Jumatatu moja Shefu hakwenda. Jumatano niliangalia diski zote tatu, kama nilivyofanya kila siku bila kuagizwa. Ya Manika na ya barabara ya Likasi hazikuwa na picha hata moja inayofaa. Alikuwa amezifagia kwa uzito kama kawaida yake. Ya Musonoi peke yake, kwa sababu ya matope, ilikuwa na kila kitu, na ilikuwa karibu kujaa. Mafaili yalikuwa mazito mno kuvutwa kwa mtandao ule. Ilibidi mtu aende na diski ya mkononi, anakili, arudi.

Alhamisi ikaja habari kwamba bibi yangu amefariki Musumba. Huko ni safari ya siku kadhaa, na simu hazishiki. Lori la kunichukua lilikuwa linangoja nje. Shefu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anakula karanga. Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Nilitaka kuandika. Nilitaka iwe kwenye daftari, kwa maneno yaliyonyooka, ili siku yakitokea maafa ionekane nani alionya. Nikaandika hivi, ninakumbuka kila neno:

"Kwa Shefu. Kabla ya jambo lolote, na hata kama njia ni mbaya, komboa data yote ya mashine ya Musonoi."

Katika vitabu vyangu, kukomboa ni kuokoa. Ni kumtoa mtu utumwani. Nilizaliwa Kolwezi, nimefagia nyumba ya mama yangu tangu nina miaka mitano, na siku hiyo neno la mama yangu halikunijia kichwani hata kidogo. Nilisoma sentensi ile mara tano kutafuta makosa. Sikuona kosa.

Tulizika. Nikiwa njiani kurudi, juu ya mzigo wa mahindi, simu ilishika mtandao na ikalia papo hapo.

"Mamzele! Pole na kilio."

"Asante, Shefu."

"Musonoi niliikomboa vile uliandika. Nilienda na maguu, matope mupaka apa." Nafikiri alikuwa akinionyesha goti lake kwenye simu. "Na ile Lundi ingine, siku yangu ya kila juma, nikarudia tena. Sasa zote tatu ziko propre, safi. Hakuna ata kitu."

"Umekomboa… kwa namna gani?"

"Na fagio, Mamzele! Na nini ingine?" Akacheka. "Juu umeandika na nguvu, nikasema leo ntamusikilisha huyu mutoto."

Hapa ndipo ningependa kuruka. Mashine zilikuwa bado hai wakati ule. Foleni yote ilikuwa bado vichwani mwao. Ningeweza kusema: Shefu, nilikuwa na maana nyingine, usizizime, angalia betri za akiba, ilazimishe moja ipige picha sasa hivi. Ni maneno ya nusu dakika. Lakini ningelazimika kusema kwamba Mamzele Kamusi hakujua neno. Nikafikiri kesho asubuhi nitafika, nitarekebisha kimya kimya, hakuna atakayejua.

"Vizuri," nilisema. "Asante, Shefu."

Mchana huohuo umeme ulikatika mji mzima, na haukurudi mpaka betri zilipoisha, zote tatu. Umeme uliporudi mashine ziliwaka, zikaangalia diski, hazikuona picha. Zikaulizana. Zote tatu zilikuwa safi. Zikakubaliana, kwa kauli moja, kwamba hakuna lori lolote Kolwezi.

Nilifika asubuhi. Sikwenda kwanza langoni kwa watu. Nilikwenda ofisini, nikafungua daftari, nikachana ukurasa wangu, taratibu, kufuata uzi, nikauweka ndani ya blauzi. Mimi, niliyemsimanga mtu miaka yote kwa kufuta kumbukumbu kwa mkono.

Kisha nikapanda pikipiki hadi maegesho ya barabara ya Likasi. Malori yalikuwa yamebanana langoni kama mbuzi kwenye maji. Madereva waliokuwa wamelala foleni siku nne walikuwa wanagombana na waliofika saa hiyo, na mmoja alishashika spana. Katikati yao Shefu, shati limelowa, kipande cha chaki mkononi, sauti yake ya kwaya ikipita juu ya injini.

"Weye! Nani eko mbele yako?"

"Ile ya bluu, Shefu."

"Na nyuma?"

"Ule muzee wa Lubudi."

Anakwenda kwa wa bluu: nani yuko nyuma yako? Anakwenda kwa mzee wa Lubudi: nani yuko mbele yako? Wawili kati ya watatu wakisema jambo moja, anaandika namba kwa chaki kwenye mlango wa lori na kuendelea. Wasipokubaliana, anawaacha pembeni mpaka jirani mwingine apatikane. Dereva mmoja alijaribu kusema uongo.

"Weye jana ulikuwa kwa bibi yako wa pili Kasulo," Shefu alimwambia mbele ya wote. "Honi yako nilisikia. Rudia nyuma, shemeji yangu!"

Hata wenye hasira walicheka, yule mwenye spana akaiweka chini. Ilichukua karibu siku nzima. Nilisimama pale na ujuzi wangu wote nikitafuta kasoro. Nikaipata: hakuwa akiandika popote isipokuwa kwenye milango, na mvua ikinyesha chaki itafutika. Nilifurahi kuipata kasoro ile. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mvua haikunyesha. Jioni ilipokaribia, mzee mmoja Mwislamu mwenye malori mawili kwenye foleni, ambaye watu wake walitoka Kasongo, alimshika Shefu mikono yote miwili.

"Shefu, leo umetukomboa. Mwenyezi Mungu akulipe."

Shefu alitazama ardhi, kama mtu anayetafuta takataka alizofagia. "Nimebakomboa? Na fagio gani, Hadji?"

"Fagio?" Mzee akacheka. "Umetuokoa, ndugu yangu. Sisi kwetu kukomboa ni kuokoa. Hata kwenye vitabu ni hivyo."

Shefu hakucheka. Aligeuka polepole akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona. Kisha akainama kufuta chaki vidoleni kwa leso yake.

Kesho yake Mkurugenzi alituita. Ni mama mkali asiyependa maneno marefu. Alitaka kujua jambo moja: njia ya Musonoi ilikuwa imekatika, nani alimtuma Shefu atembee kwenye matope kwenda kufuta mashine pekee iliyobaki nzima?

"Iko mu kaye, Madame," Shefu alisema.

Daftari lilikuwa mezani. Alilifungua mwenyewe. Akafika mahali pale. Akapitisha kidole chake, kile cha kufutia, kwenye ukingo uliobaki karibu na uzi. Nilikuwa nimeuchana vizuri, lakini kidole kinajua. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Ukurasa ulikuwa nyumbani, ndani ya kitabu cha sarufi.

"Basi?" Mkurugenzi akauliza.

"Mi njo nilisoma mubaya, Madame."

"Ulisoma nini?"

"Neno moja. Nilisoma mubaya."

Alifukuzwa siku hiyo. Alibeba droo yake nzima, na waya zote. Video za kwaya aliziacha, labda kwa kusahau. Mimi nilipewa kiti chake na mashine tatu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa ile mistari miwili: tunza tatu za mwisho, futa nyingine kila siku. Tangu siku hiyo diski hazijajaa. Nilimdharau zaidi kuliko mwanzo. Mtu mwenye haki hajitetei? Nilijiambia kwamba ndivyo alivyo, mzembe hata wa nafsi yake.

Juzi nilimwendea. Ana kibanda karibu na soko la Manika, anawawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu. Waya zimening'inia kila mahali. Zile za kwenye droo zimepata kazi. Nilikuwa na simu iliyojaa, hicho kilikuwa kisingizio, na ukurasa ndani ya mkoba.

"Mamzele Kamusi," alisema bila kusimama. "Ikala."

Nilikaa. Nikatoa ukurasa nikauweka juu ya meza. "Niliuchana mimi, Shefu."

"Minayua."

"Na siku ile kwenye simu nilishaelewa. Sikusema."

Hilo hakuwa akilijua. Alisimamisha kazi ya mikono. Barabarani watu wa pikipiki walikuwa wakigombea abiria, na nilisikiliza kelele zao kwa bidii sana.

"Ile sikuyua," alisema mwishowe. Akausukuma ukurasa kwangu kwa kidole kimoja. "Mi nilisha kuusoma, mara mbili hata. Upeleke kwa ule hajausoma."

"Kwa Madame?"

"Kwa nani ingine?" Akanyoosha mkono. "Leta simu. Imejaa?"

"Imejaa."

"Nikomboe?" Na hapo, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni. "Ao tuulizane kwanza. Komboa ya kwetu, ao komboa ya kitabu?"

"Ya kitabu," nilisema.

Alichagua waya bila kutafuta, akachomeka kadi tupu, akaanza kunakili. "Itakawia," alisema. Ilikawia. Tulipokuwa tukingoja alinigawia karanga.

Ukurasa sasa uko mezani kwa Mkurugenzi, na chini yake nimeandika neno lile lina maana gani huku kwetu, na lini nilijua. Hajaniita bado. Nimefungua kadi aliyonipa Shefu. Nimekuta kila kitu changu kipo, kwa tarehe, si kwa uzito, na katikati, bila kuniuliza, ameniwekea video ya kwaya yake, faili zito kuliko yote. Ninaitazama nikingoja kuitwa. Amesimama mstari wa nyuma, anaingia wimboni kabla ya wenzake, na anaimba kwa nguvu zake zote.